Koma ya Kiingereza si pumzi: jibu kwa mwandishi wa tasnifu

“Shikamoo mwalimu. Ninaandika tasnifu ya uzamili kwa Kiingereza, kuhusu skimu za umwagiliaji. Msimamizi wangu amenirudishia sura ya nne ikiwa imejaa wino mwekundu, na karibu alama zote ziko kwenye koma. Nilipoandika ‘When the canal dried up the farmers moved’, ameongeza koma. Nilipoandika ‘Although, the sample was small, the results were clear’, amefuta koma ya kwanza. Kwenye ‘The pump was old, however it worked all season’ amechora duara bila kusema neno. Kwenye ‘Only after the harvest, did the committee meet’ amefuta tena. Halafu ‘In 2016 the scheme was extended’ hakuigusa, ila mwenzangu aliyenisomea kazi anasema hapo koma ni lazima. Shuleni tulifundishwa kwamba koma huwekwa pale mtu anapovuta pumzi, nami ndivyo nifanyavyo. Je, iko kanuni, au kila mtu anaweka apendavyo?”

Marahaba. Nimezisoma sentensi zako tano zaidi ya mara moja, na la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba msimamizi wako hakukosea hata mahali pamoja, ingawa angekusaidia zaidi kama angeandika sababu pembeni badala ya kukuachia duara. Hofu yako, nikiielewa vizuri, ni kwamba unasahihishwa kwa ladha ya mtu, na kwamba akibadilishwa msimamizi kesho utaanza upya. Hofu hiyo ina ukweli katika sentensi moja tu, ile ya 2016, ambayo ndiyo hasa mliyobishania na mwenzako. Nne zilizobaki zina kanuni, na kanuni zenyewe zinatoka shina moja.

Tuanze na pumzi, maana ndiyo iliyokupotosha, wala si wewe peke yako. Vitabu vyetu vya sarufi huiita alama hii kwa majina kadhaa: koma, mkato, kituo kidogo, na kipumuo. Jina la mwisho linabeba fundisho lote ulilopewa shuleni. Fundisho lenyewe halikuzuka hewani. Yapata miaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa mkutubi mkuu wa Aleksandria, alibuni vinukta vya kumwonyesha msomaji wa Kigiriki mahali pa kutua na urefu wa kutua, kwa sababu maandishi ya wakati ule yaliandikwa bila nafasi kati ya maneno na yalisomwa kwa sauti. Kipande kifupi cha usemi kiliitwa komma, neno linalotokana na kitenzi chenye maana ya kukata, na kwa hiyo katika majina yetu manne ni mkato lililo karibu zaidi na asili. Kwa karne nyingi alama hizo ziliendelea kumtumikia msomaji wa sauti. Kiingereza cha kitaaluma cha leo, hata hivyo, husomwa kwa macho, na koma yake huonyesha muundo wa sentensi. Pumzi hutofautiana baina ya mtu na mtu. Mwenye pumu na mwimbaji wa kwaya hawatui mahali pamoja, lakini kiima cha sentensi kiko palepale kwa wote wawili.

Sasa tuitazame sentensi yako ya kwanza kwa karibu. “When the canal dried up the farmers moved.” Wewe uliyeiandika unajua kwamba mfereji ulikauka, kisha wakulima wakahama. Msomaji hajui bado. Macho yake yanasoma “the canal dried up the farmers” na kwa nukta ya sekunde anaelewa kwamba mfereji umewakausha wakulima. Akifika kwenye “moved” anagundua kuwa amepotea, anarudi nyuma na kuanza tena. Mkato mmoja baada ya “up” ungemwokoa: “When the canal dried up, the farmers moved.”

Kwa nini basi Kiswahili hakikukuonya? Kwa sababu Kiswahili huifanya kazi hiyo ndani ya kitenzi chenyewe. Sisi tunasema “Mfereji ulipokauka wakulima walihama”, na hata bila mkato hakuna anayepotea. Kiambishi “-po-” kimetangaza mapema kwamba hiki ni kishazi tegemezi, kwamba jambo kuu linakuja. Kitenzi “kauka” hakiwezi kuwachukua wakulima kama yambwa, maana kingewataka kiwe “kausha”. Kisha “wa-” ya “walihama” inawashika wakulima na kuwafanya kiima. Kiingereza kina “when” ya kutangaza kishazi tegemezi, lakini hayo mawili mengine hakina. Neno “dry” ni kauka na ni kausha. “Close” ni funga na ni fungika. “Start” ni anza na ni anzisha. Kinachobaki kumwongoza msomaji ni mpangilio wa maneno tu, na mpangilio wa kawaida wa Kiingereza ni kiima kwanza, kitenzi baadaye. Ukitanguliza kitu kingine kabla ya kiima, unawiwa na msomaji deni la kumwonyesha mahali utangulizi unapoishia na sentensi yenyewe inapoanzia, nalo deni hilo hulipwa kwa koma.

Nisikudanganye kwamba Kiswahili kimekingwa moja kwa moja. Isome hii: “Tulipokuwa tukila mbuzi aliingia jikoni.” Hapo vitenzi vyetu vimeshindwa, kwa kuwa “kula” hukubali mbuzi kama kitoweo vilevile kinavyokubali kukaa peke yake, na msomaji ameshamla mbuzi kabla mbuzi hajaingia. Unahitaji mkato baada ya “tukila” kama Mwingereza anavyouhitaji baada ya “eating” katika “While we were eating, the goat came into the kitchen.” Tofauti ni kwamba kwetu ajali hizi ni za nadra, na kwao ni za kila siku, ndiyo maana wamejiwekea mazoea ya kuweka koma kila kishazi tegemezi kinapotangulia, hata pale ambapo hatari haipo. Kwa uandishi wa tasnifu ninakushauri uyafuate mazoea hayo bila kujadiliana nayo. Sentensi ikianza na “when”, “if”, “because”, “although”, “since”, “while”, “after” au “unless” yenye kiima na kitenzi chake, weka koma kishazi hicho kinapokwisha. Hali kadhalika kwa virai vinavyoanza na kitenzi, kama “Having measured the flow, we returned to the village”. Ila hapo hakikisha kwamba aliyepima ndiye anayetajwa mara baada ya koma, maana ukiandika “Having measured the flow, the canal was closed” umeupa mfereji kazi ya kupima maji.

Kishazi hichohicho kikihamia mwisho, deni linafutika. “The farmers moved when the canal dried up” haihitaji koma, kwa sababu neno “when” lenyewe limesimama mpakani na kumwambia msomaji kwamba jambo kuu limekwisha. Wanafunzi wengi wakishaijifunza koma ya mwanzo huipanda na mwishoni pia, na kazi yao hujaa mikato kama shamba lililojaa magugu. Iko hali ambayo koma ya mwishoni hutakiwa: pale kishazi kinapoongeza kinyume cha kilichosemwa badala ya kukiwekea wakati au sharti. “The results were clear, although the sample was small” huandikwa kwa koma, na “whereas” hufuata desturi hiyohiyo.

Hali nyingine ni “because” baada ya ukanushi, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa tasnifu nyingi huumia hapa. Chukua “We did not choose Mwanza because it is near the lake.” Je, Mwanza haikuchaguliwa, na sababu ya kuikataa ni ziwa? Au ilichaguliwa, ila ziwa silo sababu? Bila koma, msomaji wa Kiingereza ana haki ya kuelewa la pili. Ukiweka koma kabla ya “because”, unamsukuma kwenye la kwanza. Iseme kwa Kiswahili, “Hatukuchagua Mwanza kwa sababu iko karibu na ziwa”, nawe utauona utata uleule. Mimi sipendi kuibebesha koma moja mzigo kama huu, nikikuta sentensi ya namna hiyo kwenye kazi ya mtu, humwomba aiandike upya: “Because Mwanza is near the lake, we did not choose it.” Sasa hakuna anayeweza kuikosea.

Ukidhani mambo haya ni ya walimu tu, kuna kesi ya Kanada. Kampuni mbili, Rogers na Aliant, zilikuwa na mkataba kuhusu matumizi ya nguzo za kupitishia nyaya. Mkataba ulisema utadumu miaka 5, na baada ya hapo vipindi vingine vya miaka mitano mitano, kisha kikafuata kishazi tegemezi kinachoanza na “unless and until terminated”, yaani isipokuwa umevunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja. Kabla ya “unless” palikuwa na koma. Rogers walielewa kwamba notisi inahusu vipindi vya baadaye tu, na kwamba miaka 5 ya kwanza haiguswi. Mwaka 2006 tume inayosimamia mawasiliano nchini humo iliamua kwamba, kwa kanuni za uakifishaji, koma ile inakitenga kishazi na kile kilicho jirani yake pekee, hivyo kinahusu yote yaliyotangulia, pamoja na miaka 5 ya kwanza. Mwaka uliofuata, tume ileile ilibadili tafsiri hiyo baada ya kuangalia nakala ya Kifaransa ya mkataba, ambayo haikuwa na utata. Koma ilikuwa moja, nayo iliwapeleka mara mbili mbele ya tume.

Turudi kwako, kwenye “Although, the sample was small”. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote katika kazi za watu wa Afrika Mashariki, na chanzo chake ni kuamini kwamba “although” na “however” ni ndugu, kwa kuwa yote mawili hubeba kinyume. Kwa maana wanakaribiana. Kwa kazi ni tofauti kabisa. “However” ni kielezi: kinaning'inia juu ya sentensi iliyokamilika na kinaweza kuondolewa bila kuiharibu. “Although” ni kiunganishi: kimeshonwa kwenye kishazi chake na kukigeuza tegemezi. Kuna kipimo ambacho huwapa wanafunzi wangu, nacho hakijawahi kuniangusha kwa maneno haya mawili. Jaribu kulihamisha neno hadi katikati. “The results, however, were clear” inakubalika. “The results, although, were clear” haikubaliki hata kidogo. Neno linalohama ni kielezi, na likikaa mwanzoni hufuatwa na koma. Neno lisilohama ni kiunganishi, na ukiweka koma mara baada yake umelikata na kishazi chake, sawa na mtu anayeandika kwa Kiswahili “Ingawa, sampuli ilikuwa ndogo”. Kwa hiyo: “Although the sample was small, the results were clear.” Koma ya pili, ambayo msimamizi aliiacha, ndiyo ya haki.

Nikiwa hapo, jihadhari na “but” inayopenda kuingia baada ya koma hiyo. Sisi katika mazungumzo husema “Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja”, na wengi hawaoni kasoro. Kiingereza sanifu hukubali kiunganishi kimoja tu cha kinyume katika sentensi kama hiyo: ama “although” mwanzoni, ama “but” katikati.

Duara bila maneno kwenye “The pump was old, however it worked all season” nalo lina maelezo. Una vishazi huru viwili, kila kimoja kinaweza kusimama peke yake, nawe umeviunganisha kwa koma tupu. Kiingereza rasmi hakiipi koma nguvu hiyo. Ingekuwa “but”, koma ingetosha, maana “but” ni kiunganishi. “However” umekwisha kuona si kiunganishi, na hivyo kati ya vishazi hivi hakuna fundo lolote. Weka nukta mkato kabla yake na koma baada yake: “The pump was old; however, it worked all season.” Au weka nukta na uanze sentensi mpya, jambo ambalo mimi hulipendelea katika tasnifu, kwani nukta mkato zikizidi ukurasa huonekana kama wenye mafua. “Therefore”, “moreover”, “nevertheless” na “consequently” hufuata njia hiyohiyo. Najua kwamba katika Kiswahili tunaandika “Pampu ilikuwa kuukuu, hata hivyo ilifanya kazi msimu mzima” bila mhariri kushtuka. Ndiyo sababu kosa hili haliumi sikioni mwako, na hutalikamata kwa kusikiliza. Litafute kwa macho: kila unapoona “however” katikati ya mstari, uliza kama upande wa kushoto na upande wa kulia kila mmoja una kiima na kitenzi chake.

Lakini angalia pia “However old the pump was, it worked all season.” Hapa “however” maana yake ni “hata iwe kuukuu kiasi gani”; limejifunga kwa “old”, na ukilikata kwa koma sentensi inavunjika. Vielezi vingine navyo hubadili maana kwa namna hii. “Happily, he did not die” ni shukrani kwamba mtu amepona. “He did not die happily” ni habari ya msiba wenye uchungu. Kielezi kinachotoa maoni ya mwandishi juu ya jambo zima hukaa mwanzoni na koma yake. Kinachoeleza namna tendo lilivyofanyika hukaa karibu na kitenzi, bila koma.

Kwenye “Only after the harvest, did the committee meet” umefuata kanuni mahali isipofika. Tumesema koma huonyesha mahali kiima kinapoanzia. Katika sentensi hii Kiingereza kimeshatoa ishara nyingine kubwa kuliko koma: kimekigeuza kitenzi kisaidizi kikatangulia kiima, “did the committee”. Kwa jinsi hiyo maneno ya mwanzo yameshonwa na kitenzi, na kuyakata ni sawa na kumtenga mtu na kitenzi chake. Kila unapoanza na “only after”, “not until”, “never” au “rarely”, kisha kitenzi kikaruka mbele, usiweke koma. Hata “Beside the canal stood a mango tree” huachwa bila koma kwa sababu hiyo. Na jambo linalofanana: kishazi kinapokuwa chenyewe ndicho kiima, kama “What the farmers wanted was water”, hakuna koma kabla ya “was”, hata kama kishazi ni kirefu na pumzi zimekuishia.

Imebaki 2016. Mwongozo wa uandishi wa Chicago, unaochapishwa tangu 1906 na kutumiwa na vyuo na wachapishaji wengi, unaacha kirai kifupi cha mwanzoni kikae bila koma mradi hakuna hatari ya kusomwa vibaya, na kadiri kinavyorefuka ndivyo koma inavyohitajika zaidi. Kwa hiyo “In 2016 the scheme was extended” ni sahihi, na “In 2016, the scheme was extended” ni sahihi vilevile. Wamarekani kwa jumla huelekea kuiweka, Waingereza wengi huelekea kuiacha. Mwenzako hakukosea kuipenda. Alikosea kuiita lazima. Ushauri wangu ni uchague upande mmoja na kuushika kuanzia sura ya kwanza, kwa kuwa mtahini hukasirishwa na kuyumba kuliko anavyokasirishwa na chaguo. Isipokuwa namba mbili zikigongana, kama “In 2016 40 farmers left”, hapo hakuna hiari tena: weka koma, au bora zaidi andika “Forty farmers left in 2016”.

Programu za kukagua sarufi kwenye kompyuta zitakusaidia kukamata koma iliyosahaulika baada ya kishazi cha mwanzo, na kwa hilo zitumie bila aibu. Kwenye “because” baada ya ukanushi usizitegemee, maana zinasoma maumbo ya maneno, na wewe peke yako ndiye unayejua kama mliichagua Mwanza au mliikataa.

Kabla ya kugusa sura nyingine, muulize msimamizi wako idara inafuata mwongozo gani wa uandishi. Wengine hupoteza miezi kwa kutouliza swali hilo moja. Ukiona kwamba baada ya kuzirekebisha koma bado anachora duara kwenye sentensi nzima, tatizo limehama kwenye uakifishaji na kuingia kwenye ujenzi wa sentensi, na hilo halitibiki kwa barua. Tafuta kitengo cha stadi za mawasiliano chuoni kwako, au mhariri unayeweza kuketi naye meza moja. Usimpelekee sura nzima. Mpelekee kurasa mbili, zile zenye wino mwekundu mwingi zaidi, na kwa kila sentensi mwonyeshe kwa kidole kiima cha kishazi kikuu kabla hajakuuliza. Utakaposhindwa kukionyesha, muanzie hapo.